Kabla ya kumshangilia nzi aliyepona, mjue baba yake

Nzi dume wa kwanza aliyenidanganya nilimkuta asubuhi ya Jumanne, ndani ya kichupa nambari 63, ametulia kwenye pamba ya mdomoni. Alikuwa na macho ya mviringo, mekundu, yaliyojaa. Kwa hesabu zangu zote, dume mwenye macho hayo hakupaswa kuwa hai. Mama yake alikuwa na kromosomu X mbili: moja imebeba jeni mbovu inayomuua kila mtoto wa kiume anayeirithi, nyingine imebeba alama ya Bar, inayoyafanya macho yawe membamba kama ufa wa mlango. Katika uzao huo, madume wanaopona ni wale wa macho ya ufa tu. Huyu wangu alikuwa na macho mazima, na anatembea. Nilimlaza kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, nikamgeuzageuza kwa brashi chini ya hadubini mara sijui ngapi, kisha nikaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: AMEPONA.

Neno hilo lilinigharimu miezi mitano.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikwenda Uingereza kusomea shahada ya uzamivu katika jenetiki, kwa ufadhili wa miaka mitatu, na nimerudi salama na shahada yangu. Ila njiani nilifanya makosa ambayo hakuna kitabu nilichosoma kilichonionya nayo kwa lugha ninayoielewa upesi. Najua wapo vijana wetu wanaoanza kufuga nzi maabara, huko nje na hata hapa Afrika Mashariki, kwa hiyo nayaandika.

Kwanza tuelewane kuhusu nzi wenyewe. Sisemi wale wanaotoboa maembe na kuwatia wakulima hasara. Nasema vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana na kibuyu cha tembo. Jina lao la kitaalamu ni Drosophila melanogaster, na asili yao ni Afrika kusini mwa Sahara, ingawa umaarufu wao waliupatia New York, pale Thomas Hunt Morgan alipompata dume mwenye macho meupe mwaka 1910 na kuonyesha kwamba sifa hiyo inarithiwa pamoja na kromosomu X. Kwa joto la nyuzi 25, yai linakuwa nzi kamili kwa siku kumi hivi. Hapo ndipo utamu wao ulipo: vizazi vitatu kwa mwezi mmoja, ndani ya kichupa cha unga wa mahindi, sukari, hamira na agari.

Nilichagua kufanyia kazi vimeng'enya kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Alizaliwa Tanga, siku ya tatu akawa wa njano hadi kwenye weupe wa macho, akalazwa. Baadaye daktari alisema ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Watu zaidi ya milioni 400 duniani wana upungufu huo, na ukanda wetu wa malaria ni mmoja wa nyumba zake kubwa. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wavulana huumia zaidi. Niliposoma kwamba nzi wana kimeng'enya hicho hicho, na kwamba kuna hadithi ya ajabu kumhusu nzi asiyekuwa nacho, nilijua ninachotaka kusomea.

Hadithi yenyewe ni hii. Seli ina njia ya pembeni ya kuivunja sukari ya glukosi. Mlango wa kwanza wa njia hiyo unafunguliwa na G6PD, ambayo kwa nzi inatengenezwa na jeni iitwayo Zw. Mlango wa pili unafunguliwa na kimeng'enya kingine, kinachotengenezwa na jeni iitwayo Pgd. Jeni zote mbili ziko kwenye kromosomu X, moja karibu na ncha, nyingine mbali upande wa pili. Nzi asiyekuwa na kimeng'enya cha kwanza anaishi. Nzi asiyekuwa na cha pili anakufa kabla ya kuwa nzi kamili. Sasa ukimnyima vyote viwili, ungetegemea afe haraka zaidi. Mwaka 1977, watafiti Hughes na Lucchesi wa Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba anapona. Mutesheni moja, yaani badiliko moja la jeni, inafuta mauti ya nyingine. Kundi la mtafiti Gvozdev kule Moscow nalo lilikuwa likizifanyia kazi jeni hizo hizo miaka hiyo hiyo.

Wanajenetiki wanaiita mutesheni okozi kama hiyo supresa. Lengo langu lilikuwa kutafuta supresa mpya, jeni nyingine zinazoweza kumwokoa nzi asiye na Pgd. Mpango ulionekana mwepesi kwenye karatasi. Chukua madume wa kawaida, walishe maji ya sukari yenye dawa ya EMS inayoharibu jeni hapa na pale, wapandishe na majike wenye X ya mauti upande mmoja na X ya Bar upande mwingine, kisha utafute watoto wa kiume wenye macho ya mviringo. Atakayepatikana atakuwa ameokolewa na kitu alichopewa na baba yake. (EMS inaweza kusababisha saratani. Vaa glavu mbili, fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, na kila kilichoigusa kiloweke kwenye sodiamu haidroksaidi kabla hujakitupa. Usione haya kumwomba mtu asimame nawe mara ya kwanza.)

Miezi minne nilihesabu nzi. Majike lazima wawe mabikira, na jike wa nyuzi 25 anaweza kupandwa saa nane tu baada ya kutoka kwenye pupa, kwa hiyo nilikuwa maabara saa moja asubuhi na tena jioni, Krismasi na Idi. Jike aliyetoka muda si mrefu utamjua: rangi yake imepauka, na tumboni kuna doa jeusi linaloonekana kupitia ngozi. Nilipokuwa sina uhakika nilijiambia "huyu ni bikira tu" nikamweka. Hilo nalo usilifanye. Jike mmoja wa kubahatisha anakuharibia kichupa kizima, na hutajua ni kipi.

Ndipo akaja yule wa kichupa nambari 63. Nilimweka na majike watatu. Walitaga, mayai hayakuanguliwa hata moja. Badala ya kujiuliza kwa nini, nilijitungia jibu: amepona nusu, mwili umeokoka lakini uzazi haujaokoka. Niliandika hata kwenye ripoti. Wiki tatu baadaye, kichupa nambari 118, alitokea wa pili, na huyu alizaa. Nikampandisha na majike wa Bar, nikapata binti zake, nao wakazaa madume wa macho ya mviringo kwa wingi, sawa kabisa na wale wa macho ya ufa. Kizazi cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Nilimpigia mama simu usiku. Akauliza, "Sasa hao nzi waliopona watatusaidia nini, mwanangu?" Nikamweleza habari za mjukuu wake, na dawa, na njia za sukari. Aliniombea dua ndefu. Bado ninaisikia dua ile, kwa sababu wakati anaiomba nilikuwa tayari nimeshakosea.

Hapa nataka kusimama kidogo. Matokeo yale yalikuwa mazuri kupita kiasi, na uzuri huo ndio ulipaswa kunishtua. Kama kweli kulikuwa na supresa kwenye kromosomu nyingine, basi si kila mjukuu angeirithi. Wangepona baadhi tu, na idadi ya macho ya mviringo ingekuwa pungufu kila mara. Nilizipata sawasawa, na nikafurahi. Hesabu ilikuwa inanipigia kelele daftarini kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Aliyenifungua macho hakuwa profesa. Pale maabara kulikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipika chakula cha nzi na kutunza koo zao kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Nilimwonyesha vichupa vyangu kwa fahari. Akavitazama, akauliza swali moja: baba zao walikuwa na alama gani?

Hawakuwa na alama. Nilitumia madume wa kawaida, macho mekundu, rangi ya kawaida. Na X ya mauti niliyoanza nayo haikuwa na alama yoyote ya macho. Kwa hiyo dume wa macho ya mviringo mekundu angeweza kuwa na X ya mama yake, iliyookolewa, au angeweza kuwa na X ya baba yake, nzima tangu mwanzo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Lakini kwa kawaida mtoto wa kiume hupewa X na mama na Y na baba; anapataje X ya baba? Anaipata pale kromosomu za mama zinaposhindwa kuachana. Yai linatoka bila X kabisa, mbegu ya baba inaleta X yake, na kwa nzi mwenye X moja bila Y ni dume. Mwili wake hauna kasoro unayoweza kuiona, ila ni tasa, maana Y ndiyo yenye jeni za kuzifanya mbegu zikamilike. Calvin Bridges alilieleza jambo hili mwaka 1916, kwenye makala ya kwanza kabisa ya jarida la Genetics. Yule wangu wa kichupa nambari 63, "aliyepona nusu", ndiye huyo. Na wa 118? Koo za nzi zilizotunzwa miaka mingi na kromosomu kama ya Bar huweza kuficha majike wenye X mbili na Y juu yake. Jike kama huyo hutaga yai lenye Y peke yake, X ya baba ikaingia, akazaliwa dume kamili mwenye uwezo wa kuzaa. Wazee wetu walisema kitanda hakizai haramu, na ni msemo wa huruma unaomlinda mtoto. Kwenye kichupa cha nzi usiutegemee. Kila kinachozaliwa humo kijulikane baba yake kwa alama ya mwilini.

Sikutaka kuamini. Kesho yake nikafanya kipimo ambacho ningepaswa kukifanya wiki ya kwanza. Unawasaga nzi watano kwenye bufa ya baridi, unaongeza ile sukari ya mlango wa pili pamoja na NADP, kemikali inayokisaidia kimeng'enya kufanya kazi, unatia kwenye mashine inayopima mwanga wa nanomita 340. Kimeng'enya kikiwapo, NADP inageuka kuwa NADPH, inayofyonza mwanga huo, na mstari unapanda. Kisipokuwapo, mstari unalala. Madume wangu "waliookolewa" hawakupaswa kuwa na kimeng'enya hicho hata chembe; walitakiwa wawe wamepona bila hicho. Nilibonyeza kitufe. Mstari ukapanda. Ulipanda sawa na wa nzi wa kawaida, hauna tofauti, ukafika juu ya kioo.

Nilivitupa vichupa vyote vya ukoo ule siku hiyo hiyo, na hilo lilikuwa kosa jingine. Wagandishe. Nilikuja kuwahitaji baadaye kwa kuandika sura ya makosa, sikuwa nao.

Wiki mbili sikwenda maabara. Nilikuwa nimebakiwa na miezi kumi na minne ya ufadhili, nyumbani wanangoja, na nilikuwa nimeshatoa mada mbele ya watu nikisema nimepata supresa. Nililazimika kuwaandikia wote barua pepe kusema sivyo. Niliandika barua ile mara nyingi, kila mara nikiipunguza maneno ya kujitetea, na iliyokwenda mwishowe ilikuwa na sentensi nne. Hakuna aliyenisema vibaya. Watatu walinijibu kwamba na wao yaliwahi kuwapata. Kama ni yako leo, iandike mapema, fupi, na usimtaje mtu mwingine ndani yake.

Niliporudi, tulikaa mezani na msimamizi wangu na karatasi tupu, na hapo likaonekana tatizo kubwa kuliko yote. Supresa ile inayojulikana tangu 1977, Zw, iko kwenye X. Mimi niliwapa dawa madume, na X ya baba kwa kawaida haiendi kwa mtoto wa kiume. Maana yake mtego wangu usingeweza kuinasa hata supresa moja ambayo tayari tunajua ipo! Ningeligundua kwa nusu saa kama ningefuatisha kwenye karatasi njia ya kitu kinachojulikana kabla ya kukimbilia kisichojulikana. Siku hizi kila mwanafunzi anayeniletea mpango wa kupandisha nzi namwambia achore kwanza jeni ya zamani inapita wapi.

Tukaanza upya, na safari hii tulianza kwa kurudia la 1977. Niliomba ukoo mwingine kutoka hazina kubwa ya nzi iliyoko Bloomington, Indiana. X ya mauti safari hii ilikuwa na alama ya prune, jeni iliyo jirani kabisa na Pgd, inayoyafanya macho yawe na rangi ya kahawia iliyoiva kama zambarau. Baba nao nikawachagua wa mwili wa njano. Kwa hiyo dume wa njano mwenye macho mazima ni X ya baba, tupa. Dume wa macho ya zambarau ni X ya mauti, na akiwa hai, ameokolewa kweli.

(Prune ina kisa chake. Mwaka 1956 mtafiti Sturtevant alieleza kwamba nzi wa prune anaishi, na nzi mwenye mutesheni nyingine aliyoiita Killer of prune, yaani muuaji wa prune, anaishi pia, lakini zikikutana zote mbili kwa nzi mmoja, anakufa. Mutesheni hiyo ya pili ikaja kujulikana kuwa nayo imo kwenye jeni ya kimeng'enya. Kinyume kabisa cha kisa changu. Nilikuwa nikilifikiria hilo njiani kila jioni.)

Nilitengeneza majike wenye X ya mauti upande mmoja na X isiyo na Zw upande wa pili. Unawachagua kati ya mabinti kwa kuwaacha wale wenye jicho la umbo la figo, ambao wamebeba Bar. Kwa kuwa jeni hizo mbili ziko mbali na hakuna kromosomu ya Bar, ambayo imepinduliwa ili kuzuia mabadilishano, X mbili za jike huyu hubadilishana vipande kwa uhuru, na robo hivi ya mayai yanapata hasara zote mbili kwenye X moja. Kama 1977 walisema kweli, macho ya zambarau yatatokea kwa madume.

Siku ya kumi na moja nilimwaga kichupa cha kwanza kwenye pedi ya kuwalazia nzi. Wa njano hakuna. Macho mekundu wengi. Na katikati yao, madume watatu wa macho ya zambarau, wanapanguza mabawa. Sikuandika AMEPONA. Niliandika tarehe, nambari ya kichupa, na "watatu, prune". Kwa wiki nne nilihesabu madume 412, na kati yao 97 walikuwa wa prune. Ukiondoa wale waliokufa, ungetarajia theluthi moja. Nilipata pungufu, na upungufu huo ulinipa usingizi mzuri kuliko usawa wa mwanzo. Kisha nikawasaga. Kimeng'enya cha pili: mstari umelala. Cha kwanza: umelala pia. Nzi hai, wazima, wanazaa, bila vimeng'enya vyote viwili.

Kwa mtu wa Tanga maelezo yake si magumu. Fikiria kivuko cha Pangani kimeharibika, halafu hakuna aliyewaambia madereva. Malori yanaendelea kuingia mjini, yanajaa barabarani, mpaka soko, hospitali na shule vinakwama. Mji haukukwama kwa kukosa bidhaa za ng'ambo. Umekwama kwa malori. Lakini ukiweka kizuizi mbali huko nyuma, magari yatazunguka njia nyingine na mji utapumua. Nzi asiye na kimeng'enya cha pili anakufa kwa kile kinachorundikana kati ya mlango wa kwanza na wa pili, ambacho huziba pia njia kuu ya kuvunja sukari. Funga mlango wa kwanza, hakuna kinachorundikana, na mahitaji yake mengine anayapata kupitia vimeng'enya vingine. Mwaka 1978 Hughes na Lucchesi walionyesha kwamba hata chakula kinaweza kumwokoa nzi wa aina hii, jambo lililonifunza kutobadilisha kamwe mapishi ya chakula katikati ya jaribio. Mara moja jikoni waliishiwa sukari ya kawaida wakataka kutumia nyingine. Nilisimamisha kazi wiki nzima kungoja ile ile.

Supresa mpya sikupata hata moja. Tasnifu yangu ilisimama juu ya kurudia la zamani kwa vipimo bora na sura ndefu ya jinsi X ya baba inavyodanganya. Wasahihishaji waliniuliza zaidi kuhusu sura hiyo kuliko nyingine zote.

Nilipokuwa naifunga tasnifu, dada alinipigia. Mtoto sasa ana miaka minne, na tangu aambiwe habari za G6PD hajawahi kumpa maharage, kwa kuwa alisikia kunde zinaua damu. Nzi asiye na kimeng'enya cha kwanza anaishi vizuri kwa kuwa seli zake zina njia za kuzungukia. Chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina, ndiyo maana primaquine, dawa ya malaria iliyowafanya madaktari waugundue upungufu huu mwaka 1956, inaweza kuzipasua. Dawa za namna hiyo lazima aulize kwanza. Lakini maharage yanayosemwa vitabuni ni yale mapana ambayo Misri wanayaita ful, si haya yetu. Nilimwambia asinisikilize mimi wa nzi, aende na kadi ya mtoto kwa daktari akaulize. Alikwenda Jumatatu. Jioni ikaja picha kwenye simu yangu: mtoto amekaa mkekani, sahani ya wali na maharage ya nazi mapajani, mdomo umejaa.